Katiba ya wanafunzi wa uhandisi iliyojifunga yenyewe

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za wateja zimenibana na stima ya hapa Kibomet ina tabia zake. Leo sitaandika kuhusu PHP wala hifadhidata. Nataka kuwaeleza juu ya programu moja niliyoisoma mwaka 2018 ambayo haikuandikwa kwa lugha yoyote ya kompyuta. Ilikuwa na kurasa 23, ilichapwa kwa Word, na iliitwa Katiba ya Baraza la Wanafunzi wa Kitivo cha Uhandisi. Chuo chenyewe sitakitaja.

Aliyeniletea ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Wakati huo alikuwa mwaka wa tatu, anasomea uhandisi wa ujenzi, na ndiye aliyekuwa mweka hazina wa baraza. Alishuka Kitale kwa likizo na badala ya kwenda kwao Bungoma moja kwa moja akapitia kwangu. Kwa kawaida huniita mjomba, lakini akiwa na shida huniita khocha, Kibukusu kile cha nyumbani. Siku hiyo niliitwa khocha kabla hajaweka mkoba chini.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Wanafunzi 62 walikuwa wametoa shilingi 3,000 kila mmoja kwa ajili ya safari ya kwenda kuona bwawa la Turkwel. Kwa asiyelijua, Turkwel ni bwawa la tao huko Pokot Magharibi, kaskazini kwetu ukipitia Kapenguria, urefu wake mita 153, na kituo chake kinatoa megawati 106. Kwa mwanafunzi wa ujenzi, kusimama juu ya ukuta ule ni somo la muhula mzima. Pesa zilikuwa benki, jumla shilingi 186,000, na hazikuweza kutoka. Benki ilitaka saini mbili kati ya tatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti alikuwa amemaliza masomo. Katibu alikuwa amehamia chuo kingine. Aliyebaki ni mpwa wangu peke yake, na kwenye kundi la WhatsApp la darasa watu walikuwa wameanza kuuliza simu yake mpya aliinunua kwa pesa gani. (Simu hiyo nilimnunulia mimi.)

"Si mngejaza nafasi za waliotoka?" nikamuuliza.

"Khocha, soma kifungu cha 9."

Nikasoma. Kifungu cha 9 kilisema nafasi ikiwa wazi itajazwa na kikao cha baraza. Kifungu cha 11 kilisema akidi ya kikao cha baraza ni theluthi mbili za wajumbe wote. Wajumbe kwa mujibu wa kifungu cha 5 ni saba. Mjumbe wa tatu naye alikuwa amesimamisha masomo kwa sababu ya karo, kwa hiyo waliobaki walikuwa wanne. Theluthi mbili za saba ni 4.67, maana yake wanahitajika watano. Ili waweze kukutana ni lazima wajaze nafasi, na ili wajaze nafasi ni lazima wakutane.

Wale wanaoandika programu zenye nyuzi nyingi wanaujua ugonjwa huu. Uzi wa kwanza unashikilia kitu ambacho uzi wa pili unakihitaji, uzi wa pili nao unashikilia kitu ambacho wa kwanza anakihitaji, na wote wanasubiri mpaka mashine izimwe. Kwenye kompyuta unazima na kuwasha upya. Baraza la wanafunzi halina kitufe hicho, au tuseme linacho lakini kiko ofisini kwa mtu mwingine. Nitalifikia hilo.

Tuliketi barazani tukaupitia waraka wote, kifungu kwa kifungu, tangu asubuhi mpaka Mlima Elgon ukapotea gizani. Mimi niliuingiza kwenye faili la maandishi matupu na kuliweka ndani ya Git, kwa sababu jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba palikuwa na nakala tatu tofauti za katiba hiyo hiyo. Ya mpwa wangu, ya mlezi wa baraza, na nyingine iliyokuwa ikizunguka kwa barua pepe tangu mwaka 2014. Kifungu cha 11 katika nakala ya mlezi kilisema "nusu" badala ya "theluthi mbili". Fikiria hilo. Kama nakala ya mlezi ndiyo halali, wanne wangetosha na pasingekuwa na mkwamo wowote. Lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kumbukumbu za kikao kilichobadilisha neno hilo, wala ni nakala ipi iliyotangulia. Tukafuata ile yenye saini chini.

Kuna jambo la hesabu ambalo nataka nilikalie kidogo kwa sababu nimeliona katika kila katiba niliyoisoma tangu siku hiyo, ya chama cha akiba, ya kanisa, hata ya timu ya mpira. Ni lile la kukadiria sehemu za namba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na Bunge lilipobadilisha Sheria ya Vyuo Vikuu mwaka 2016 liliingiza sharti hilo hilo katika vyama vya wanafunzi, pamoja na baraza la watu saba na makamu ambaye jinsia yake ni tofauti na ya mwenyekiti. Baraza la kitivo cha mpwa wangu liliiga muundo huo. Sasa, theluthi mbili za saba ni 4.67. Kijana mmoja katika kitivo alidai kwamba 4.67 ni karibu na 5, hivyo wanaume watano na wanawake wawili ni sawa. Si sawa. Sheria ikisema "isizidi", unashuka: wanne. Sheria ikisema "isipungue", unapanda: watano. Namba ni ile ile moja, 4.67, na katika waraka ule ule inakupa nne kwenye jinsia na tano kwenye akidi. Mtu akitumia amri ya kawaida ya kukadiria iliyomo katika lugha nyingi za programu atapata tano kote kuwili, na atakuwa amevunja katiba bila kujua. Na katika kitivo ambacho wasichana ni wachache kama cha uhandisi, nafasi hiyo moja si mchezo. Mpwa wangu alikuwa ndiye mwanamke wa tatu barazani.

La pili ni namba ya chini, yaani unagawanya kwa nini. "Theluthi mbili za wanachama" ni za wanachama gani? Walioandikishwa, waliohudhuria, au waliopiga kura? Mtu akiona hilo ni jambo dogo akumbuke mwaka 2013. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, asilimia 50.07, na mojawapo ya maswali yaliyofika Mahakama ya Juu lilikuwa kama kura zilizoharibika zihesabiwe ndani ya "kura zote zilizopigwa" au la. Tarehe 30 Machi 2013 mahakama ikasema zisihesabiwe. Nchi nzima ilisubiri maana ya maneno matatu. Ile katiba ya wanafunzi ilitumia maneno "theluthi mbili" mara sita, na mara nne kati ya hizo haikusema za nani.

Basi njia ya kutoka tuliipata wapi? Ilikuwa kifungu cha 17, ambacho hakuna aliyekuwa amekitumia. Kilisema mkutano mkuu wa wanafunzi wote unaweza kuitwa na baraza, au kwa saini za moja ya kumi ya wanachama zikikabidhiwa kwa mlezi. Kitivo kilikuwa na wanafunzi 640, kwa hiyo saini 64. Hapo hapahitajiki akidi ya baraza. Mwandishi wa kifungu hicho, popote alipo, namnunulia chai.

Lakini akidi ya mkutano mkuu wenyewe ilikuwa nusu ya wanachama, yaani watu 320. Jaribu kukusanya wanafunzi 320 wa uhandisi ukumbini wakati wa mwaka wa nne na wa tano wamezama kwenye miradi yao. Mpwa wangu alisema mikutano miwili ya nyuma haikufika hata watu 100.

Hapo nikamwonyesha Debian. Wengi wenu mnaijua kama Linux mnayoiweka kwenye seva, ila huenda hamjui kwamba mradi huo una katiba yake, iliyopitishwa Desemba 1998, na ni mojawapo ya nyaraka safi kabisa nilizowahi kusoma. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka. Wanachama wanaweza kumwondoa kwa azimio. Kubadilisha katiba yenyewe kunahitaji wingi wa tatu kwa moja. Na akidi yao haitumii nusu wala theluthi, inatumia kipeo cha pili: unachukua kipeo cha pili cha idadi ya wanachama, unakigawa kwa mbili, kisha unazidisha kwa tatu. Wakiwa 1,000 wanahitajika 48 tu. Kwa kitivo cha watu 640 jibu ni 38. Uzuri wake ni kwamba chama kikikua mara nne, akidi inakua mara mbili, kwa sababu watu wengi zaidi maana yake ni uvivu mwingi zaidi pia, na kanuni imelikubali hilo bila kulia.

Nilidhani atafurahi. Akanitazama.

"Watu 38, khocha? Hosteli moja ikijaza basi moja imechukua kitivo."

Nikamweleza kwamba Debian wanaishi hivyo tangu 1998.

"Hao wanapiga kura kwa barua pepe, kila mtu alipo, kwa siku kadhaa. Sisi ni ukumbi mmoja, saa moja, na mlango unaofungwa na mtu mwenye ufunguo."

Huyo ndiye mweka hazina waliyesema anakula pesa. Mimi bado naipenda kanuni ya kipeo cha pili, na nadhani ikiwekwa pamoja na notisi ya siku 14 na upigaji kura wa siku mbili ingewafaa. Tuliiandika kama pendekezo la tatu, nikamwambia awaachie wanachama waamue.

Mapendekezo yalikuwa manne. La kwanza, akidi ya baraza ihesabiwe kwa wajumbe walio madarakani, si viti, na isishuke chini ya watatu. Wajumbe wakibaki wawili au pungufu, mkutano mkuu uitwe ndani ya siku 21. La pili, kila penye sehemu ya namba pasemwe ni ya nani na inapanda au inashuka. La tatu, hicho kipeo cha pili. La nne lilikuwa la ufunguo.

Hapa ndipo nilisema nitapafikia. Kifungu cha mwisho kabisa, cha 31, mstari mmoja tu baada ya kurasa 22 za vyeo na viapo, kilisema ofisi ya mkuu wa kitivo inaweza kusimamisha katiba hii wakati wowote. Basi. Bila sababu, bila muda, bila mahali pa kukata rufaa. Kwa lugha yetu, kuna mtumiaji mmoja mwenye nywila ya msimamizi mkuu, na haki zote nyingine zilizoandikwa humo ni za kuazima.

Sisi wa huku Magharibi tuna sababu ya kukisoma kifungu cha namna hiyo mara mbili. Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na akafa akiwa mfungwa mwaka 1988. Chama chenyewe kilipigwa marufuku. Mwaka 1987, kikiwa chini ya Robert Wafula Buke, kilipigwa marufuku tena, na Buke akafungwa miaka mitano. SONU ilikuwa na katiba, na haikuisaidia kitu siku hizo. Silinganishi safari ya Turkwel na mambo hayo. Nasema tu kwamba yule anayeweza kuzima ndiye wa kumwangalia kwanza, hata kama leo ni mtu mpole anayewapa chai.

Pendekezo la nne likawa hivi: kusimamishwa kuwe kwa maandishi, kutaje sababu, na kuishe kwenyewe baada ya siku 30 kama mkutano mkuu haujakubali. Mpwa wangu aliogopa. Bado alikuwa na miaka miwili ya kusoma chini ya ofisi hiyo hiyo. Nilimwambia kalitoe kama unaona hatari, mimi nakaa Kibomet, wewe ndiye unayerudi kule. Alilala nalo. Asubuhi akaniambia libaki, ila lisomwe na mtu mwingine, asije akaonekana analipiza kwa ajili ya pesa.

Muhula ulipofunguliwa walikusanya saini 90 kwa siku mbili. Mkutano wakauweka mara tu baada ya kipindi cha hesabu za uhandisi kinachojumuisha madarasa kadhaa, mlango kwa mlango, kabla watu hawajatawanyika kwenda kula. Walihesabiwa 331. Akidi ilipita kwa watu 11.

Alinitumia namba usiku huo na bado ninazo. Kwa bahati kifungu cha mabadiliko kilikuwa kimoja kati ya vile viwili vilivyosema waziwazi: theluthi mbili za waliohudhuria. Theluthi mbili za 331 ni 220.67, unapanda, 221. Pendekezo la akidi lilipata 263. La sehemu za namba likapata 287, nadhani kwa sababu ni wahandisi. La kipeo cha pili lilipata 119 na likaanguka kwa kicheko, mtu mmoja alisimama akauliza kama kura nazo zitapigwa kwa kalkuleta. La ufunguo lilipata 226. Kura tano juu ya mstari. Watu zaidi ya 60 hawakuinua mkono upande wowote, na kwa kuwa hesabu ilikuwa ya waliohudhuria, ukimya wao ulihesabika kama hapana. Kama sita wengine wangetazama chini, lingekufa.

Siku hiyo hiyo nafasi tatu zikajazwa. Kumbukumbu za mkutano zikapelekwa benki, na baada ya wiki tatu za kuambiwa njoo kesho, saini zikabadilishwa. Mpwa wangu alichapa taarifa ya benki nzima, kutoka shilingi ya kwanza, akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Kufikia hapo wanafunzi 17 walikuwa wameshataka pesa zao, wakarudishiwa shilingi 51,000. Waliobaki 45 walienda Turkwel kwa basi dogo kuliko walilopanga. Alinitumia picha akiwa juu ya ukuta na kofia ya njano kichwani. Kwenye lile kundi la WhatsApp hakuna aliyeomba radhi. Maswali yalikoma tu, na wawili watatu waliendelea kumwita "bi Turkwel" mpaka alipohitimu.

Kuhusu kifungu cha 31, ofisi ya mkuu wa kitivo ililipokea badiliko, ikakaa nalo muhula mzima, kisha ikalirudisha. Maandishi na sababu walikubali. Siku 30 wakazifanya 90. Mkutano mkuu wakauondoa, badala yake wakaweka "kwa kushauriana na baraza". Baraza likajadili kama likatae, na wakati huu walikuwa na akidi. Walikubali kwa kura nne dhidi ya tatu. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa wale watatu.

Mwaka jana mweka hazina wa sasa, mtu nisiyemfahamu, aliniandikia barua pepe. Alipata anwani yangu chini ya faili. Anasema nakala yao yenye saini imepotea walipohamisha ofisi, na kwamba nakala mbili walizo nazo hazifanani kwenye kifungu cha 31: moja ina siku 90, nyingine haina siku zozote. Nilimtumia hazina yote ya Git, na matoleo yote tangu lile la kwanza la barazani kwangu, na maelezo ya jinsi ya kuona nani alibadilisha nini na siku gani. Alijibu baada ya saa moja akiuliza kama naweza kumtumia tu PDF.